Keki ya mdoli ya bethdei: jinsi ya kuitengeneza isimame hata kwenye joto la Dar

Kabla hujapima unga nenda kamnunue mdoli kwanza. Watu wengi wanaoka alafu ndo wanaanza kutafuta mdoli wa kuchomeka, matokeo yake sketi, ambayo ndo keki yenyewe, inaishia mapajani na bidada anaonekana katoka bafuni na taulo. Mdoli wa saizi ya Barbie ana kama sm 29 mzima mzima, na kuanzia kiunoni kushuka anacheza kwenye sm 17 au 18, hicho ndo kimo cha keki yako. Chukua rula umpime wa kwako, maana hawa wa madukani wanatofautiana.

Tini maalum la keki ya mdoli sio lazima kabisa. Tafuta bakuli la stili la upana wa inchi 8 lenye kina cha sm 9 hivi, na tini mbili za duara za inchi 8. Bakuli la plastiki hapana, hata kama ni gumu vipi.

Hatua ya 1, kuoka. Siagi gramu 500, sukari gramu 500, mayai 10, unga wa ngano gramu 500, beking pauda vijiko 4 vya chai, vanila, chumvi kidogo. Hapa hatutaki ile keki laini sanaa inayobonyea ukiigusa, tunataka iliyoshikana maana itabeba mzigo. Chapa siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, weka yai moja moja, malizia na unga uliochekechwa, ukishaweka unga usichape sana. Paka tini na bakuli mafuta, nyunyiza unga, gawanya. Tini zikae oveni nyuzi 170 kwa dakika 35 hadi 40. Bakuli ndo lina kazi, katikati ni nene kwahiyo shusha mpaka 160 na ulipe kama saa zima, na kijiti ukichome katikati kabisa mpaka chini, sio pembeni, pembeni huwa panaiva mapema panakudanganya. Wa jiko la mkaa makaa mengi yawe juu, chini machache. Zikipoa zifunge na nailoni zilale mpaka kesho, keki ya moto haichongeki.

Hatua ya 2, krimu. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa wiping krimu kwenye keki ndefu hivi mi siishauri, labda sherehe iwe ndani na kiyoyozi. Chapa siagi gramu 400 na mafuta magumu meupe ya kupikia gramu 200 mpaka vilainike, alafu weka aisingi shuga kilo 1 na robo kidogo kidogo, maziwa vijiko viwili vitatu tu. Hayo mafuta ndo yanayofanya maua ya krimu ya kwenye sketi yasiteleze. Rangi tumia ya jeli, ile ya maji inalegeza krimu, na pinki ichanganye mapema uiache imepauka kidogo kuliko unavyotaka kwasababu ikikaa masaa inakolea yenyewe.

Hatua ya 3, kupanga na kuchonga. Kata vichwa vya keki viwe flati. Paka krimu kidogo kwenye kibao cha inchi 12 ili keki isitembee, weka duara la kwanza, krimu, la pili, krimu, juu ya yote geuza ile ya bakuli. Chukua kisu cha meno uchonge pembeni kwa kushuka, juu pawe pembamba chini papanuke, toa vipande vidogo vidogo na kila mara rudi nyuma uitazame, ukishatoa kipande kikubwa ndo basi tena. Paka krimu nyembamba ya kushika makombo, ingiza friji nusu saa.

Hatua ya 4, mdoli. Mvue nguo, mwoshe na sabuni, akauke. Miguu mpaka kiunoni izungushie nailoni ya jikoni, nywele zibane juu uzifunge nailoni pia, na mikono uinyanyue sasa hivi, sio baadae ukaharibu maua. Toboa keki katikati kwa kisu kirefu chembamba mpaka kwenye kibao, tanua kiasi cha miguu, mshushe taratibu huku amesimama wima. Akibaki anayumba jazia krimu kiunoni.

Hatua ya 5, sketi. Anzia chini ukipanda juu, hiyo ndo siri, kila mstari wa krimu unafunika kichwa cha mstari wa chini. Nozo (kile kichwa cha mfuko wa kukamulia krimu) kubwa ya nyota chini, ndogo ukikaribia kiuno. Blauzi paka krimu kwa nozo ndogo kifuani au zungushia fondanti (lile donge la sukari la kufunikia keki) iliyosukumwa nyembamba, ibandike kwa maji kidogo sana. Lulu za sukari weka kabla krimu haijakauka ndo zinashika.

Kuisafirisha, iweke sakafuni kwenye gari, siti zina mteremko, na bodaboda usithubutu hata mteja akulilie. Alafu mwambie mama mtoto wakifika kukata wamtoe mdoli kwanza, wavue ile nailoni, ndo kisu kiingie, na kama kuna vijiti vya kuishikilia keki umeweka ndani mtajie ni vingapi na viko wapi.