Somo: Kuyachosha magugu sugu kwenye malisho ya nyasi

Wafugaji wenzangu, gugu likishasimama katikati ya malisho, wengi wetu tunakimbilia dawa. Naomba tuanzie kwingine. Gugu huota palipo wazi. Nyasi zikiliwa mpaka udongo ukaonekana, mizizi yake hudhoofu, mwanga hufika chini, na mbegu za magugu zilizolala ardhini miaka mingi huamka. Ukiua gugu ukaacha kipara, umemwandalia mwenzake mahali pa kuota.

Hatua ya 1: Lijue gugu lako
Chimbua moja na mizizi yake yote, ulitazame. La msimu mmoja lina mizizi myepesi na huendelea kwa mbegu tu; lifyeke kabla halijazaa mbegu. La kudumu huweka akiba ya chakula chini: mzizi mnene kama karoti, mizizi inayotambaa, au viazi vidogo kama vya ndago. Hilo ndilo sugu, na vita yake ni kuimaliza ile akiba.

Hatua ya 2: Fyeka kwa wakati wake
Gugu la kudumu huwa dhaifu zaidi linapokaribia kutoa maua, kwa sababu chakula kingi kimepanda juu. Likate hapo. Likichipua na kurefuka tena, likate tena kabla ya maua. Kufyeka mara moja kwa msimu ni kulipogolea tu, litarudi na machipukizi mengi zaidi.

Hatua ya 3: Chimbua yaliyo machache
Subiri udongo ulowe. Kwa gugu la mzizi mnene, shuka kama sentimita 15, maana ukiukatia karibu na juu huchipua. La mizizi inayotambaa usiliguse kwa plau: kila kipande ni mche mpya.

Hatua ya 4: Dawa, pale inapobidi
Dawa ya 2,4-D huua majani mapana na kuacha nyasi, lakini huua pia mikunde uliyopanda pamoja na nyasi. Glaifoseti huua hata nyasi, basi ipake kwenye gugu lenyewe, usimwage shamba zima. Piga gugu likiwa linakua vizuri, siku isiyo na upepo wala dalili ya mvua. Vaa glavu, buti na kinga ya macho na pumzi. Soma kwenye lebo mifugo ikae nje siku ngapi.

Hapa nasisitiza. Gugu lenye sumu likinyauka, kwa dawa au kwa panga, mnyama aliyekuwa akilikwepa anaweza kulila, na sumu bado imo. Lizoe, au zuia mifugo mpaka lioze kabisa.

Hatua ya 5: Ziba nafasi
Panda mbegu za nyasi kwenye vipara mvua zinapoanza, weka samadi iliyoiva, pumzisha eneo. Mifugo ikirudi, iondoe nyasi zikibaki kama sentimita 10. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayoshinda magugu.

MASWALI

Swali: Mwalimu, ndago nang'oa kila wiki lakini inazidi. Nakosea wapi?
Jibu: Ukivuta juu, unakata uzi tu, viazi vinabaki chini na vilivyokuwa vimelala vinachipua. Ndago haivumilii kivuli. Acha nyasi zirefuke na kufunga juu yake. Ikiwa ni kidogo, chimba na viazi vyake vyote, uvitoe shambani.

Swali: Mkuu, mbuzi wanaweza kunisaidia?
Jibu: Ndiyo, hupenda majani mapana na vichaka ambavyo ng'ombe huviacha. Waingize kabla ya mbegu, na kagua kwanza kama hakuna gugu la sumu.

Swali: Nahisi samadi ndiyo inaniletea magugu. Kweli?
Jibu: Inawezekana sana. Mbegu nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Lundika samadi ipate joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa, na uigeuze ili ya nje nayo iingie ndani. Mnyama aliyetoka kwenye malisho yenye magugu mabaya mweke zizini siku chache kabla ya kumwachia shambani.

Swali: Nitegemee matokeo lini?
Jibu: Ya msimu mmoja utayaona yakipungua mwaka ujao. Ya kudumu, jipange kwa misimu miwili au mitatu bila kuruka hata mmoja.