Barua ya Mafuriko Huandikwa Julai

Mimi hukaa Huruma, Nairobi, hatua chache kutoka Mto Mathare. Kila Aprili maji yakipanda, tulikuwa tukikimbilia kwa mwakilishi wadi kudai miti ya ukingoni na mitaro. Tulirudi na ahadi tu. Tulikuwa tumechelewa: makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na hutokana na mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao huwasilishwa kufikia Septemba 1 iliyotangulia. Kwa hivyo barua yako ya kuomba miti na mitaro ifike Julai, wakati wa baridi na vumbi, hata kama hakuna anayewaza mafuriko.

Kabla ya kuandika, shuka mtoni na tepu. Mtafute jirani wa siku nyingi akuonyeshe maji ya 2024 yalifika wapi. Kwetu alama ya tope bado iko ukutani. Pima kuanzia hapo, si pale maji yalipojikunyata kiangazi. Kanuni za maji za 2007 zilitaja ukanda wa kulindwa kando ya mto, wa mita 6 hadi 30, kutegemea upana wa mto.

Hapa nenda polepole. Baada ya mafuriko yale nyumba nyingi za kando ya mito zilibomolewa, na watu wakiona tepu wanaogopa, wana haki kabisa. Bisha hodi kwanza. Eleza unachopima, waache waandike wenyewe wanachotaka kifanyike. Mpango wa mto unaowaficha wanaokaa mtoni mimi siuwekei sahihi.

Barua iwe ukurasa mmoja. "Tunaomba mazingira safi" haimpi afisa kitu cha kuweka kwenye jedwali. Andika: kutoka daraja hili hadi choo kile cha umma, mita kadhaa, mikuyu na mianzi, mtaro uzibuliwe kabla ya Oktoba, kikundi fulani kitamwagilia miche. Chora ramani kwa mkono, ambatisha picha na sahihi. Peleka kwa idara za mipango na mazingira za kaunti, nakala kwa mwakilishi wadi.

Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Barua yangu ya kwanza ilipotea katika ofisi moja, nami sikuwa na kitu mkononi.

Kikao cha maoni ya umma kikitangazwa, nendeni wengi na mjiandikishe kwenye orodha. Kisha omba mpango wenyewe kwa maandishi. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Wakikaa kimya, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakuruhusu kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti.

Ukiupata mpango, tafuta jina la wadi yako, kisha mahali, kisha shilingi. Kimoja kikikosekana, rudi ukakiulize kabla ya Februari, mkakati wa fedha wa kaunti, unaoongoza bajeti, unapowasilishwa.