Kuikatia nyumba bima ya tufani Unguja na Pemba: hatua kwa hatua

Bima ya moto peke yake hailipi paa lililochukuliwa na upepo. Hati ya kawaida ya bima ya moto hubeba moto, radi na baadhi ya miripuko. Tufani, mafuriko na maji ya bahari ni nyongeza. Kila moja huandikwa na kulipiwa mbali. Ukimwambia wakala "nataka bima ya nyumba" ukaishia hapo, utapewa ile ya moto.

Wako wanaosema visiwa vyetu havina vimbunga. Ni nadra kweli: tuko nyuzi 5 hadi 6 kusini ya ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuusokota upepo ukawa kimbunga. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikalaza minazi na mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, hapo jirani tu.

Unadra huo ndio unaofanya kinga ya tufani bado ipatikane huku. Florida, Marekani, baada ya kimbunga Andrew cha 1992, kampuni kadhaa za bima zilifilisika, nyingine zikaanza kukimbia mwambao, na mwaka 2002 jimbo likaunda shirika lake, Citizens, kuwabeba waliokataliwa kwengine. Kampuni za hapa nazo hupeleka sehemu ya hatari kwa kampuni kubwa za nje, ambazo huzikatia bima kampuni za bima zenyewe. Hizo za nje zikilipa hasara kubwa kwengine, huweza kupandisha bei kwa wote. Kwa hiyo ada yako inaweza kupanda mwaka ambao nyumba yako haikupata hata tone.

Hatua ya 1: Karatasi za umiliki

Ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali. Ulichonacho ni haki ya matumizi, na bima hukata jengo, si kiwanja. Toa nakala ya hati ya matumizi. Kama huna, peleka mkataba wa mauziano na barua ya sheha, kisha uliza mapema kama zitakubaliwa.

Nyumba ya urithi isiyogawiwa ndiyo yenye matatizo. Ndugu mmoja akikata kwa jina lake pekee, kampuni ina haki ya kuhoji anafidiwa kwa fungu lipi. Andikeni warithi wote, au msimamizi wa mirathi kwa niaba yao. Na kama benki imeshika nyumba kwa mkopo, jina lake litakuwemo na malipo yataanzia kwake.

Hatua ya 2: Thamani

Usiandike bei ya kuuzia. Andika gharama ya kuijenga upya, pamoja na kuondoa kifusi, kumlipa fundi na kusafirisha vifaa. Pemba ongeza nauli ya meli. Tuseme nyumba ina mita za mraba 100 na fundi anakisia shilingi 800,000 kwa kila mita: hiyo ni milioni 80.

Ukiandika milioni 40 ili ada ipungue, umejikata mwenyewe. Kampuni hutumia uwiano: umekatia nusu, unalipwa nusu, hata kama hasara ni ndogo. Paa likiharibika kwa milioni 20, unapata milioni 10, kabla ya makato mengine. Watu hudhani milioni 20 iko ndani ya 40 kwa hiyo italipwa yote. Hailipwi.

Hatua ya 3: Paa

Mkaguzi ataangalia paa kwanza, nawe mtangulie. Upepo hauliangushi bati. Hulinyanyua, kuanzia pembeni na kwenye mgongo wa paa. Mambo ya kurekebisha:

- Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa wimbi, si kwenye bonde, na iwe na mpira chini ya kofia. Pembezoni pigilia kila wimbi. Katikati piga wimbi moja, ruka moja. Karibu na bahari msumari hulika kabla ya bati, kwa hiyo ng'oa michache uone.
- Kenchi zifungwe kwa ukanda wa chuma ulioingia kwenye mkanda wa zege juu ya ukuta. Kenchi iliyopigiliwa misumari miwili tu huondoka na bati zake.
- Paa la baraza lijitegemee. Likiwa kipande kimoja na paa kubwa, upepo ukiingia barazani huondoka nayo yote mawili.
- Bati lisitoke nje ya ukuta zaidi ya sentimita 45.

Paa la pande nne hustahimili kuliko la pande mbili. Makuti hupandisha ada au hukataliwa kabisa, kwa ajili ya moto kuliko upepo. Ukijibu "bati" ilhali banda la uani ni la makuti, umeficha jambo la msingi na hati inaweza kufutwa. Piga picha za kila kitu zenye tarehe, weka na risiti za vifaa.

Hatua ya 4: Kuomba bei

Nenda kwa kampuni mbili au tatu, au tumia dalali wa bima mwenye leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Shirika la Bima la Zanzibar ni mojawapo ya pa kuanzia. Anayekwepa riba aulizie takafuli, yaani bima ya Kiislamu. Maswali ni yale yale:

Tufani imeandikwa kwa jina? Mafuriko je? Hili ni la lazima kwa mwenye nyumba Mwanakwerekwe au Sebleni, ambako maji ya mvua hutuama. Maji ya bahari yamo au yametolewa? Aliye Kisiwa Panza, Pemba, ambako bahari hupanda nchi kavu, asikubali jibu la mdomo. Ukuta wa uani, geti na tangi la maji? Nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30, kinga inaendelea?

Halafu kiasi unachobeba mwenyewe, ambacho mawakala huita eksesi. Asilimia 5 ya hasara na asilimia 5 ya kiasi cha bima ni vitu viwili mbali. Kwa nyumba ya milioni 80 iliyopata hasara ya milioni 6, ya kwanza inakukata 300,000. Ya pili inakukata milioni 4, unabaki na milioni 2. Florida eksesi ya kimbunga mara nyingi huhesabiwa kwa mtindo huu wa pili.

Hatua ya 5: Kulipa

Hakuna ada, hakuna bima. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, si mkononi mwa wakala, na uhakikishe hati yako kwenye mfumo wa TIRA. Kata kabla ya masika, wala usingoje tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kimbunga kikishatajwa, kampuni inaweza kusitisha kinga mpya.

Hatua ya 6: Baada ya upepo

Piga picha kabla ya kugusa. Kisha funika kwa turubai, kwani kuzuia hasara isiongezeke ni wajibu wako, na tunza risiti yake. Toa taarifa kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa kwenye hati. Chukua barua ya sheha, na ikibidi taarifa ya upepo ya siku ile kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Mzozo mkubwa huwa wa mvua. Iliyoingia kupitia tundu lililofunguliwa na upepo hulipwa. Iliyopita kwenye kutu ya zamani huitwa uchakavu. Picha za hatua ya 3 ndizo zinazoamua. Usitupe bati zilizong'oka mpaka mkadiria hasara azione.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi, kisha nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na ukipewa fomu ya kukubali malipo ya mwisho, usitie saini mpaka fundi apande juu akague kenchi zote.