Unafundisha lugha ya programu ya C na huna hela ya standadi, ule waraka rasmi wa kanuni zake? Fanya hivi

Wakuu, juzi kijana kaingia kipindini na lundo la kopi katoa steshenari pale Mwenge, standadi ya C nzima nzima, nikaangalia ukurasa naona jina la mtu, kurasa zote lipo, maana ISO, shirika la viwango la kimataifa, wakikuuzia PDF wanaipiga chapa jina la mnunuzi. Kwa hiyo kopi zikizagaa anayetafutwa ni yule maskini aliyelipia kama faranga 200 za Uswisi.

Sasa mwalimu wa tyusheni hiyo hela anaitoa wapi? Wala usihangaike. Kamati inayoitunga C, WG14, inaweka rasimu zake hadharani kwenye tovuti ya open-std.org, kila moja na namba yake, we gugo tu N1570 unapata rasimu ya mwisho ya C11 (toleo la C la 2011), ya Aprili 2011, au N3220 ukitaka iliyo karibu kabisa na C23. Kwa kufundishia, tofauti na ile ya kuuzwa ni kiduchu. Mi huwa naanzia kifungu cha 6.5, pale wanaposema i = ++i + 1 matokeo yake hayajulikani, manake kila muhula lazima atokee mbishi, "ticha mbona kwangu imetoa 5". Mfungulie ukurasa asome mwenyewe, ubishi unaisha.

Ila kusoma bure sio ruhusa ya kudurufu, hapa ndo tunachemkaga. Rasimu nayo ina mwenyewe, so kwenye grupu la WhatsApp tupia linki usitupie PDF. Kwenye noti nukuu sentensi mbili tatu unazozifafanua, taja waraka na namba ya kifungu, sheria yetu Tanzania ya hakimiliki ya 1999 inakubali kazi ya mtu itumike kama mfano wa kufundishia, mradi iwe kwa kiasi cha haki na chanzo kitajwe. Sura nzima hiyo sio mfano tena bana.

Lugha nyingine zina nafuu. JavaScript, standadi yake ECMA-262 ipo bure kwa Ecma, shirika linaloitoa. Ya Go iko chini ya leseni huria ya Creative Commons, hata kuitafsiri Kiswahili ruksa ukiwataja. Scheme, kwenye waraka wake R7RS, wameandika kabisa nakili yote au kipande bila malipo. Java unasoma bure kwa Oracle, kampuni yenye Java, ila soma masharti kwanza kabla hujaprinti kitu.

Na kama bando ni shida, kila mwanafunzi adaunlodi ya kwake siku akipata wifi. N1570 ni kurasa 701, ukiipeleka steshenari watakuuliza kama unafungua maktaba.