Kabla ya kutoka Lubumbashi kwenda karnavali ya Salvador

Shika kwanza kalenda ya kanisa, bei ya tiketi baadaye. Karnavali ya Salvador, jiji la pwani la Bahia nchini Brazili, huanza Alhamisi na kuisha Jumatano ya Majivu, kwa hiyo huhama kila mwaka pamoja na Pasaka. Mwaka 2027 Majivu ni Februari 10. Hesabu sherehe tangu Februari 4.

Pasipoti ya Kongo inahitaji viza ya Brazili, na ubalozi uko Kinshasa. Sisi wa L'shi (Lubumbashi) tunajua maana yake: safari kabla ya safari. Mimi ningeanza Oktoba. Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo, ibebe mkononi, na chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Njia nyepesi toka Luano, uwanja wetu wa ndege, ni kupitia Addis Ababa hadi São Paulo, halafu ndege ya ndani. Hapo São Paulo sanduku unalichukua mwenyewe, unapita forodha, unalikabidhi upya, hata kama tiketi ni moja. Acha saa za kutosha katikati.

Dola hazitumiki mtaani kule kama kwetu. Badilisha upate reais, fedha ya Brazili. Umeme wa Salvador ni volti 127. Chaja ya simu haitajali, lakini birika letu la volti 220 litachemsha kwa uvivu mpaka ukate tamaa.

Viatu. Pelourinho, mtaa wa kale ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1985, ni mawe ya mviringo na miteremko mikali. Mvua ikipita yanateleza kama sabuni. Kandambili ziache kwa ajili ya ufukweni. Na ujue unakanyaga wapi: jina hilo maana yake ni nguzo ya kuchapia watu viboko. Jiji lilianzishwa mwaka 1549, likawa makao makuu ya koloni la Wareno hadi 1763, na waliolijenga kwa jasho ni watumwa kutoka Afrika, wakiwemo watu wengi wa Kongo na Angola. Makanisa yaliyopakwa dhahabu ni mazuri, sikatai, ila siwezi kuyatazama bila kufikiri hayo.

Jambo linalowapotosha wageni zaidi ni kutoamua mapema watasimama wapi. Tangu 1950, Dodô na Osmar walipopiga muziki juu ya gari kuukuu, karnavali hii hufuata trio elétrico, lori refu lililosheheni spika, wanamuziki wakiwa juu. Ukinunua abadá, fulana ya kundi fulani, unacheza ndani ya kamba inayoshikwa na vibarua kuzunguka lori. Camarote ni jukwaa la kulipia pembeni. Usipolipa kitu, wewe ni pipoca, yaani bisi, kwa vile umati unavyorukaruka. Nilikuwa bisi, na sijuti. Fedha kidogo kiunoni, pasipoti chumbani, simu isiyoniuma ikipotea. Ukiwa na watoto au magoti mabovu, lipia.

Njia ya Barra hadi Ondina iko kando ya bahari na ina mastaa wengi. Campo Grande ni ya zamani zaidi. Ila usiku mmoja uuweke wakfu: Jumamosi, panda Curuzu, mtaa wa Liberdade, uone Ilê Aiyê ikitoka. Kundi hili la watu weusi lilianzishwa mwaka 1974, na ngoma zake hazihitaji mkalimani.

Kifaransa hakitakusaidia sana. Jifunze Kireno cha sokoni. Baadhi ya vitu utavitambua: unga wa mahindi wa bukari, yaani ugali, wao huuita fubá, na dendê ni mawese yetu. Harufu yake itakuita jioni kabla hujamwona mama aliyevaa gauni jeupe, akipiga rojo la kunde kwa mwiko mpaka livimbe, akilichota kwa kijiko na kulidondosha katika mawese yanayochemka. Hiyo ni acarajé. Huipasua, hujaza vatapá, rojo zito lenye mawese, na kamba wakavu, kisha hukuuliza kama unataka "quente". Neno ni "moto", lakini hakuulizi joto la chakula. Anakuuliza pilipili. Nilijibu ndiyo kwa kiburi cha mtu wa Katanga, na nikamaliza maji ya wenzangu wawili.