Jinsi ya Kuonyesha Mate Yanavyomeng'enya Wanga

Vitabu vingi vya biolojia huelezea jaribio hili kwa mistari michache: changanya wanga na mate, weka kwenye joto la mwili, dondosha iodini, ambayo hugeuka bluu ikikutana na wanga, kisha tazama bluu hiyo ikipotea. Majuzi nilikaa na wanafunzi waliopata majibu yanayopingana kabisa ilhali wote walichota wanga kwenye chombo kimoja. Tatizo lilikuwa joto. Ndiyo maana hatua ya nne ni ndefu kuliko zote, na naomba usiiruke.

Andaa konflawa, siki nyeupe, iodini iliyozimuliwa hadi iwe kahawia hafifu, myeyusho wa Benedict (kimiminika cha bluu cha kupimia sukari), neli za majaribio, kigae cheupe, kidondoshi, saa na kipimajoto. Kipimajoto si cha hiari.

1. Pika wanga

Koroga gramu 1 ya konflawa kwenye maji baridi kidogo hadi madonge yaishe, kisha imimine kwenye maji yanayochemka ili jumla iwe takriban mililita 100. Ichemke dakika moja, halafu iache ipoe. Usitumie wanga mbichi. Chembe zake zimefungamana, na kimeng'enya, yaani kile kitu kilichomo kwenye mate kinachovunja wanga, hakipati pa kushika; zikipikwa hunywa maji, huvimba na kupasuka.

2. Kusanya mate

Sukutua kinywa kwa maji safi, subiri kama dakika 10, tema mate kwenye chombo kisafi, kisha yaongezee maji mara tatu ya ujazo wake. Wapo wanaowapa wanafunzi limau ili mate yatoke upesi. Mimi nalikataa limau moja kwa moja. Tindikali yake huidhoofisha amilesi, yaani kimeng'enya cha mate, na vitamini C hufuta rangi ya iodini hata kama wanga bado upo. Utapata jibu linalopendeza ambalo si la kweli. Kukifikiria chakula unachokipenda kunatosha kuziamsha tezi. Kila mtu atumie mate yake mwenyewe na aoshe vyombo vyake mwenyewe.

3. Panga neli nne

Weka mililita 5 za wanga katika kila neli. Baadaye A itapokea mililita 1 ya mate, B mililita 1 ya mate yaliyochemshwa dakika chache na kupozwa, C mililita 1 ya maji matupu. Neli D tia matone 10 ya siki kwanza, halafu itapokea mate kama A.

Wengi huziacha B na C ili kuokoa muda. Bila hizo, A haithibitishi chochote. C inaonyesha kwamba wanga hauvunjiki wenyewe. B inaonyesha kwamba kazi inafanywa na kitu kilichomo ndani ya mate ambacho moto hukiharibu. Anselme Payen na Jean-François Persoz wa Ufaransa waliliona jambo hilohilo mwaka 1833, walipotenga kutoka kwenye shayiri iliyochipua kitu kinachovunja wanga.

4. Shika joto

Amilesi ya mate hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 37 za Selsiasi. Kwenye baridi hupunguza kasi tu, na ukiipasha inarudi kazini. Joto likizidi nyuzi 60 hali ni nyingine: umbo lake linavurugika, na hata ukiipoza hairudi kama ilivyokuwa.

Usishike neli juu ya moto. Sitaki kabisa kuona kichomeo katika hatua hii. Tumia beseni kubwa la maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji mengi hupoa polepole. Anza na nyuzi 40, maana neli zikiingia zitayashusha kidogo. Kipimajoto usikitumbukize kwenye beseni. Kiweke ndani ya neli ya ziada yenye mililita 5 za maji, nayo isimame pamoja na zenzake. Maji ya beseni yanaweza kusoma 37 huku yaliyomo ndani ya neli yakiwa bado 29, na kimeng'enya kiko ndani ya neli. Pasha wanga na mate kando kando kwa dakika 5, ndipo uchanganye na kuanza kuhesabu muda.

Kuna mtego wa pili, na huu ndio uliowapoteza wale wanafunzi. Rangi ya bluu hutokea pale iodini inapoingia ndani ya mizunguko ya mnyororo wa wanga. Mchanganyiko ukiwa wa moto sana, iodini hutoka humo na rangi hufifia ingawa wanga haujaguswa. Wao walidondosha iodini moja kwa moja kwenye neli zilizokuwa katika maji ya kukaribia kuchemka. Zote zilipauka, hata C. Zilipopoa, bluu ikarudi katika zote, hata A, kwa kuwa moto ulikuwa umeshaharibu amilesi kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo iodini ikae kwenye kigae baridi, kamwe isiingie kwenye neli.

Ikiwa A imemaliza kazi kabla ya dakika ya kwanza, ongeza maji kwenye mate. Ikiwa baada ya dakika 15 bado ni bluu, punguza maji. Watu hatulingani kwa wingi wa amilesi, kwa sababu idadi ya nakala za jeni yake hutofautiana, kwa hiyo usimwambie mwanafunzi kwamba mate yake ni mabovu.

5. Dondosha

Panga matone ya iodini kwenye kigae. Kila dakika chukua tone kutoka kila neli, ukisuuza kidondoshi kati ya neli na neli. A itatoka bluu-nyeusi, ipite kwenye zambarau na wekundu, kisha ibaki kahawia ya iodini. Ule wekundu utazame kwa makini: mnyororo wa wanga umekatwa vipande lakini bado haujawa sukari.

6. Pima sukari

Chukua A na C, ongeza Benedict, weka kwenye maji ya moto sana kwa dakika 5. A hugeuka rangi ya chungwa au matofali. C hubaki bluu.

7. Rudi mwilini

D inabaki bluu, na ndicho kinachotokea tumboni. Donge la chakula likimezwa, amilesi huendelea kwa muda hadi tindikali ipenye ndani yake, halafu inasimama. Wanga uliobaki husubiri utumbo mwembamba, ambako kongosho humwaga baikaboneti ya kuondoa makali ya tindikali pamoja na amilesi yake yenyewe. Maltosi, yaani sukari inayopatikana wanga ukivunjwa, bado ni kubwa mno kufyonzwa, kwa hiyo vimeng'enya vya ukuta wa utumbo huikata kuwa glukosi, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye damu.

Ukimaliza, loweka vyombo vilivyogusa mate kwenye maji yenye dawa ya klorini. D isuuze kwanza kwa maji mengi, kwani siki ikikutana na dawa hiyo hutoa gesi ya sumu.