Kununua rivolva kuukuu ya jeshi kwa ajili ya mkusanyo

Kabla ya kutoa hata senti, uliza ofisi ya leseni za silaha sheria inasemaje. Uzee wa bastola peke yake haukupi ruhusa ya kuimiliki, na masharti hutofautiana nchi hadi nchi.

Mimi mapenzi yangu yako kwa Webley Mk VI, iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1915. Ukiikunjua, hakikisha haina risasi, kisha tazama nyuma ya silinda. Nyingi zilizouzwa Marekani zilichongwa hapo ili zipokee risasi za Kimarekani za .45 ACP badala ya zile zake za asili, .455. Thamani hushuka, na kibaya zaidi, risasi hizo za kiwandani zina mgandamizo uliopita uwezo wake. Ukiona chuma cheupe kilichokwanguliwa, iache.

Nagant M1895 ya Urusi ina vyumba saba vya risasi kwenye silinda. Vuta nyundo taratibu: silinda inapaswa kusogea mbele na kuubana mtutu. Ikicheza ukiigusa, imechoka. Nambari zilizogongwa kwenye sehemu zake zikilingana usishangilie haraka. Maghala ya Kisovyeti yalizikarabati nyingi na kuzigonga nambari upya. Weusi unaong'aa juu ya mashimo ya kutu ya zamani ni dalili tosha ya ukarabati huo.

Mulika mtutu kwa tochi. Muuzaji akijisifu kwamba ameisugua bastola mpaka ing'ae, mimi huondoka, maana rangi ya asili ikishatoka hairudi.

Mkikubaliana, dai risiti yenye nambari ya bastola, na uilinganishe na chuma chenyewe kabla ya kulipa.